Kinasa, Mpokea Simu wa Zimamoto

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na ninyi mliotoka kazini mkaja na sare zenu, tunaomba mkae, wenye viti wawapishe wenye miguu mibovu, maana historia hii ni ndefu kidogo kuliko ile mliyogawiwa mlangoni. Ile ya mlangoni iliandikwa na upande wa mume, ina ukurasa mmoja na picha nzuri, na familia aliyozaliwa marehemu haina ugomvi nayo isipokuwa kwa neno moja, ambalo tutalifikia mahali pake. Hii inasomwa na mdogo wake wa kike, mwalimu wa shule ya msingi, aliyeishi naye miaka sita ya mwisho.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 12 Agosti 1968, katika zahanati ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa baba mchomelea vyuma na mama aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali, na mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alilia mara moja tu alipozaliwa, kisha akanyamaza kama anayesikiliza watoto wengine wodini walivyokuwa wakilia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975, shule iliyokuwa ukuta kwa ukuta na karakana, na huko ndiko alikopewa jina ambalo wengi wenu mnamfahamu kwalo. Mwalimu mkuu alikuwa na desturi ya kumtuma mwanafunzi apeleke tangazo darasa kwa darasa, wengine walifika darasa la tatu wameshapoteza nusu ya maneno, lakini yeye alizunguka madarasa yote saba akarudi na neno lilelile, pumzi ileile, hata kile kikohozi cha mwalimu mkuu alikikohoa kila darasa mahali pake, kwa hiyo wakamwita Kinasa, kwa kufupisha kinasa sauti, jina likamganda. Nyumbani baba na mama walipozozana juu ya nani alisema nini, aliitwa Kinasa, naye akasema, na baada ya miezi michache baba akaacha kuzozana mbele yake.

Alimaliza sekondari mwezi Novemba 1985, akasomea kazi ya swichibodi kwa mwaka mmoja na nusu, akaajiriwa hospitali ya jiji tarehe 4 Januari 1988, na tarehe 1 Juni 1992 akahamishiwa kituo kikuu cha zimamoto kuwa mpokea simu. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, urefu hatua nne na upana hatua tatu, chenye dirisha moja la kutazama uwanja wa magari, simu mbili, kipaza sauti cha kuita kikosi, kitufe cha king'ora, ramani ya jiji iliyochakaa kwenye mikunjo, na kiti ambacho mguu wake mmoja ulifungwa kwa kipande cha mpira wa maji wa zimamoto. Mbele yake palikuwa na daftari la matukio, ambamo aliandika saa simu ilipoingia, maneno ya mpigaji jinsi yalivyotoka, saa gari lilipotoka langoni, saa liliporudi, na nani alikuwa juu ya gari hilo, na mwandiko wake haukubadilika kutoka ukurasa wa kwanza wa daftari hadi wa mwisho.

Tarehe 18 Desemba 1994 alifunga ndoa na dereva wa gari la kwanza la kituo hicho, ambaye leo amekaa hapa mstari wa mbele. Walianza kupendana kwa redio, yeye akiwa chumbani na mume akiwa barabarani, hata wenzao wakawa wanamtania dereva kwamba ndiye mtu pekee mjini anayeomba aelekezwe njia anayoijua. Mungu aliwajalia mabinti wawili, wa kwanza alizaliwa tarehe 7 Mei 1996, wa pili tarehe 30 Septemba 2000, na kila asubuhi ya zamu Kinasa alikuwa akimtengeneza mumewe kola ya shati kabla hawajatoka mlangoni, kwa sababu, alivyosema, mwanamume hawezi kuiona kola yake mwenyewe.

Zamu za wakati ule zilikuwa za saa ishirini na nne, na aliyekosa wa kumpokea aliendelea, ikawa thelathini, ikawa thelathini na sita. Mume alirudi nyumbani akasinzia kijiko kikiwa mdomoni, na Kinasa naye, aliyekuwa na zamu hizohizo, alimtoa kijiko, akamvua viatu, kisha akaanza kupika. Tarehe 9 Februari 2007, saa nane mchana, wakirudi kutoka kwenye moto wa kiwanda cha mbao, dereva alisinzia akiwa analiingiza gari kituoni, usingizi wa kufumba na kufumbua, gari likambana langoni askari waliyekuwa wakimwita Ngazi, aliyekuwa ameshuka kulifungua lango. Kinasa aliyaona yote kupitia dirisha lake. Akaita gari la wagonjwa, akaandika saa, kisha ndipo akatoka nje. Ngazi alifariki jioni ileile.

Wengi mjini walitaka dereva afungwe, na hakufungwa, kwa sababu mkewe aliwapelekea wachunguzi daftari, nalo lilionyesha kwamba alikuwa katika saa ya thelathini na mbili bila kupumzika, kwa saa na dakika, bila neno hata moja la kumtetea. Daftari hilohilo ndilo lililolipeleka suala la saa za kazi za zimamoto mbele ya baraza la jiji, likajadiliwa katika vikao vitatu, Aprili, Mei na Juni mwaka huo, ukumbi ukiwa umejaa hadi kwenye ngazi.

Kikao cha kwanza kiliharibiwa na diwani mmoja mfanyabiashara wa magodoro, mtu mcheshi, aliyewaambia wenzake kwamba magodoro ya kituo cha zimamoto aliyauza yeye mwenyewe, yalikuwa mazuri sana, na kama watu wanapewa godoro kazini halafu wanalalamika hawalali basi tatizo si la baraza, na ukumbi ukacheka hadi Mstahiki Meya akagonga meza. Kikao cha pili walibishana iwapo kusubiri moto ni kazi au siyo kazi. Katika kikao cha tatu, tarehe 21 Juni, katibu wa chama cha wafanyakazi akamleta Kinasa na madaftari yake ya miaka mitano, akiwa amemwonya tangu asubuhi kwamba wana ombi moja tu mkononi, la askari, na wakiongeza la pili watanyimwa yote mawili.

Alisimama akasoma kwa saa moja na dakika arobaini. Hakusoma kama anayelalamika, alisoma kama alivyokuwa akizunguka madarasa, saa ya kutoka, saa ya kurudi, nani, wapi, na kati ya moto na moto dakika ngapi, na madiwani waliokuja na magazeti wakayakunja. Alipofika tarehe 9 Februari alisoma mstari wa langoni kwa sauti ileile, akafungua ukurasa uliofuata. Mama yake Ngazi alikuwa ameketi safu za nyuma, akatolewa nje akishikwa mikono.

Alipofunga daftari, yule diwani wa magodoro, ambaye siku hiyo hakuwa na utani, alimuuliza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Na wewe mama, unayeandika haya yote, unaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi?"

Marehemu alikuwa ameingia chumbani kwake saa moja asubuhi ya siku iliyotangulia, akatoka ikiwa imebaki saa moja tu kikao kianze. Alimtazama katibu wa chama, akainua macho hadi roshani, mahali alipokaa mumewe na kikosi kizima, na mumewe akatikisa kichwa kidogo, kumaanisha usiharibu. Mdogo wake, aliyekuwa amekaa upande wa pili, alikiona kichwa hicho kikitikisika.

"Mimi nimekaa tu, mheshimiwa," akasema. "Wao ndio wanaokimbia."

Ukumbi ulicheka kwa upendo, wakampigia makofi, na azimio likapita kwa kura ishirini na moja dhidi ya kumi na nne, kwamba askari wote wanaotoka na gari watafanya zamu za saa nane na hawatazidishiwa, na kwamba watumishi wa chumba cha simu wataendelea na utaratibu uliopo. Walimbeba juu juu wakashuka naye ngazi za ukumbi. Usiku huo kikosi kilifanya sherehe, na yeye hakuwepo, kwa sababu alirudi chumbani kumalizia zamu.

Ili zipatikane nafasi za askari wapya, wapokea simu watatu walipunguzwa wakabaki wawili. Mwaka 2014 mwenzake alistaafu, akabaki yeye na karani wa masjala, aliyeazimwa, aliyekuja siku alizojisikia. Kati ya mwaka 2008 na 2016 marehemu aliliandikia baraza barua kumi na moja, nakala tunazo, akiomba zamu za chumba cha simu ziangaliwe, na mara mbili tu alijibiwa, mara zote mbili kwa karatasi ileile, nakala ya kumbukumbu za kikao cha tarehe 21 Juni 2007, maneno yake mwenyewe yakiwa yamepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Kituoni askari vijana, ambao hawakujua zamu ya saa ishirini na nne inafananaje, walimwita Mama Nimekaa. Mume wake alinenepa, akapata afya, akaanza kufundisha timu ya mpira wa wavu, akapandishwa kuwa kiongozi wa zamu, na Kinasa alipomwambia kwamba siku hizi anasikia simu zikilia hata akiwa anaoga, alimjibu kwamba kazi ya kukaa haijawahi kumuua mtu.

Tarehe 14 Oktoba 2016, saa tisa na dakika ishirini alasiri, marehemu akiwa katika saa ya thelathini na tatu, mama mmoja mshonaji alipiga simu kutoka mtaa wa Viwanjani, akasema nyumba yake inaungua na mumewe, mwandika mabango aliyevunjika nyonga, yumo kitandani. Kinasa alimrudishia maneno yake yote bila kukosea, akaandika daftarini Viwanjani, nyumba ya tatu baada ya kisima, mgonjwa yuko ndani, mwandiko umenyooka. Kisha akashika kipaza sauti akasema Viwandani.

Ni herufi moja. Gari lilikwenda upande wa pili wa jiji, watu wanane wakiwa juu yake. Baada ya dakika kumi mshonaji alipiga tena, na Kinasa akapokea, akamuuliza shida yake nini na yuko wapi, akasikiliza yote upya. Alipoinamia daftari kuandika, ndipo alipoukuta mstari wa kwanza. Waliomwona dirishani wanasema alisimama akashika kichwa kwa mikono miwili, kisha akaketi, akawarudisha askari kwa redio, akawaelekeza kona kwa kona hadi wakafika. Walichelewa dakika kumi na saba. Mwandika mabango alikutwa sakafuni, kati ya kitanda na mlango.

Kamati ya nidhamu ilikaa tarehe 22 Novemba 2016, katika chumba kidogo cha baraza, watu watano upande mmoja wa meza, na marehemu upande wa pili, mkoba wake ukiwa mapajani. Hakukana lolote. Alisema alichokiandika, alisema alichokitamka, na alipoulizwa kwa nini, alisema hajui, kwamba alilisikia neno sahihi likitoka mdomoni mwake. Mwenyekiti wa kamati, mtu wa haki kwa jinsi yake, akauliza iwapo uchovu ulichangia, na kwa kuwa mshitakiwa hawezi kujitolea ushahidi wa uchovu wake mwenyewe, akamwita kiongozi wa zamu iliyotoka siku ile, ambaye alikuwa mume wake.

Dada yetu alishusha pumzi alipomwona akiingia. Alituambia baadaye kwamba alidhani sasa mambo yamekwisha, kwa sababu mtu huyo ndiye aliyemwacha usiku wa kuamkia siku ile akiwa amelala kwa kusimama, kichwa kimeegemea dirisha, na asubuhi alimpelekea chai, akampigapiga begani ili aamke.

"Sisi tulikuwa macho," mume akaiambia kamati. "Tulifuata tulichoambiwa."

Mwenyekiti akamrudishia swali, kwamba je, mke wake alionekana amechoka.

"Kazi yake ni ya kukaa," akasema.

Walirudi nyumbani kwa gari moja, na njiani mume alimwambia asilichukulie moyoni, kwamba kikosi kizima kilikuwa hatarini, na yeye mwenyewe alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Sasa tumefika kwenye lile neno. Karatasi ya mlangoni inasema kwamba marehemu alistaafu mwaka 2016. Hakustaafu. Alifukuzwa kazi tarehe 1 Desemba 2016, baada ya miaka ishirini na minne na nusu, kwa barua ya mistari mitano iliyoletwa na tarishi wa baraza. Mwezi Februari 2017 baraza lilipitisha kwamba chumba cha simu kiwe na wapokea simu wanne, zamu za saa nane, ili kosa kama lile lisirudiwe, na kumbukumbu zinaonyesha kwamba hapakuwa na mjadala, jambo hilo lilichukua dakika sita.

Alikwenda mara tatu kumwomba msamaha mama mshonaji. Mara mbili mlango haukufunguliwa, ingawa cherehani ilisikika ikizunguka ndani. Mara ya tatu, tarehe 5 Machi 2017, mama huyo alifungua, futi ya kushonea ikiwa shingoni.

"Nilikupigia mara mbili," akasema. "Mara ya pili ulinipokea kama hatujawahi kuongea."

Akafunga. Kinasa alikuja moja kwa moja kwa mdogo wake, akasema anakaa wiki mbili, na kwa siku nne hakusema kitu kingine ila sentensi hizo mbili, kwa sauti ya mshonaji mwenyewe, na pumzi zake. Wiki mbili zikawa miaka sita. Hakudai talaka, wala hakurudi. Alishona vifungo, aliwasahihishia watoto wa darasa la tatu imla, aliwapokea mabinti zake siku za mapumziko, na simu ya nyumba ile ilifungiwa kabatini ndani ya blanketi, kwa sababu ilipolia alisimama, popote alipokuwa, hata akiwa na chungu cha moto mkononi.

Tarehe 19 Januari 2021 alipatwa na kiharusi, akapooza mkono wa kulia, na akapoteza usemi. Yeye aliyekuwa na maneno ya watu wote kichwani hakuweza kutamka hata moja la kwake. Daktari alitueleza kwamba shinikizo la damu lilikuwa limemla kwa miaka mingi, akauliza kazi yake ilikuwa nini, na mdogo wake alipomjibu, daktari aliandika tu. Baadaye figo zilifuata. Mume alikuja hospitali mara tatu. Mara ya mwisho alikaa kitini, akalia, akamwambia kwamba aliogopa, kwamba hakuna siku ambayo haisikii sauti yake mwenyewe katika chumba kile cha kamati, na marehemu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akainua mkono wa kushoto, akamtengeneza kola. Mdogo wake aliyekuwa dirishani alitoka nje ya wodi kwa hasira, na mpaka leo, mbele ya jeneza hili, hasira hiyo haijaisha. Dada alikuwa na moyo wake, sisi tuna wetu.

Alifariki Jumamosi, tarehe 27 Mei 2023, saa nne asubuhi, wodi namba sita, kitanda cha pembeni, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, mabinti zake wote wawili wakiwa wamemshika miguu. Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na mdogo wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, na yule mtaalamu wa mazoezi aliyemfundisha kushika kalamu kwa mkono wa kushoto bila kukata tamaa kabla yake. Tunawashukuru majirani waliotuletea maji, viti na sufuria, na hawakuuliza mengi. Tunalishukuru baraza la jiji kwa shada la maua, ingawa kadi yake imeandikwa jina la mtumishi mwingine. Mama mshonaji tulimpelekea taarifa ya msiba, akasema amesikia.

Tunawashukuru pia askari wa kituo kikuu cha zimamoto, walioomba wao ndio wabebe jeneza. Familia ilikaa, ikajadiliana, ikakubali, kwa kuwa jeneza ni zito na sisi ni wachache. Wametuomba jambo moja, kwamba tuwahi, maana zamu yao inakwisha saa nane kamili, na tangu tarehe 21 Juni 2007 hakuna askari katika jiji hili aliyezidishiwa hata dakika moja. Basi tusiwacheleweshe. Tunaomba mume wa marehemu asogee kidogo, wapate njia ya kupita naye.

Upumzike kwa amani, dada yetu.